Denis Burkitt: Daktari mwenye jicho moja aliyejifunza afya kwenye sahani za wanakijiji

Ukipeleka debe la mahindi mashineni, swali la kwanza ni moja: unakoboa au unasaga dona? Hapa Litapunga, kama ilivyo Mpanda mjini na sehemu nyingi za nchi, wengi hujibu kwamba wanakoboa. Sembe ni nyeupe na laini, na hatuoni haya kumwandalia mgeni. Pumba tunawaachia kuku na nguruwe.

Leo tunawaletea maisha ya daktari aliyekuja Afrika Mashariki kutibu, akaondoka akiwa amefundishwa. Aliitumia sehemu ya mwisho ya maisha yake kuwaeleza watu wa kwao Uingereza kwamba kile wanachokitupa kwenye nafaka ndicho miili yao inakikosa. Jina lake ni Denis Burkitt. Alifariki mwaka 1993, lakini habari yake inatuhusu sisi leo kuliko ilivyowahusu babu zetu.

Mtoto wa mchora ramani

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa serikali wa barabara na madaraja, na kwa muda wake wa mapumziko alichunguza ndege. Aliwavalisha ndege wadogo pete miguuni na kuchora kwenye ramani mipaka ya eneo la kila mmoja. Tabia hiyo ya kuuliza kitu kiko wapi na hakiko wapi, mtoto aliirithi.

Akiwa na umri wa miaka 11, Denis alipigwa jiwe usoni katika ugomvi wa watoto, na jicho lake la kulia likapotea. Alikua hivyo hivyo. Alipoingia chuo cha Trinity, Dublin, alianza na uhandisi kama baba yake, kisha akahamia udaktari na kuhitimu mwaka 1935. Baadaye akawa daktari wa upasuaji.

Alipoomba kazi ya utabibu katika makoloni ya Uingereza barani Afrika, alikataliwa kwa sababu ya jicho. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyomleta huku, akiwa daktari wa jeshi. Vita vilipokwisha aliomba tena, na mwaka 1946 akapelekwa Uganda, katika hospitali ya Lira, eneo la Lango.

Kule Lira aligundua jambo ambalo wengine walilipita. Wanaume wenye mabusha walikuwa wengi upande mmoja wa wilaya na wachache upande wa pili. Wagonjwa walikuwa wale wale wa kila siku, ila yeye aliuliza kila mmoja anatoka wapi, akaweka majibu kwenye ramani.

Safari ya wiki 10

Mwaka 1948 alihamia hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1957 daktari mwenzake, Hugh Trowell, alimwita aangalie mtoto aliyevimba taya pande zote mbili, juu na chini. Muda mfupi baadaye Burkitt akaona mtoto mwingine mwenye hali hiyo hiyo mjini Jinja. Alianza kupekua mafaili ya hospitali, akaona kwamba huo ni ugonjwa mmoja, tena ni saratani, na inaua watoto haraka.

Alituma vipeperushi vyenye picha kwenye hospitali nyingi za Afrika akiuliza kama wanaona wagonjwa wa namna hiyo. Kisha, mwaka 1961, yeye na madaktari wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu na kusafiri wiki 10. Walipita Tanganyika na kushuka hadi kusini mwa Afrika, karibu kilomita 16,000, wakisimama hospitali baada ya hospitali. Ramani ilionyesha kwamba ugonjwa uko kwenye joto na mvua, na haupo kwenye nyanda za juu zenye baridi. Leo inajulikana kwamba saratani hiyo inahusiana na malaria pamoja na aina moja ya kirusi, na kwamba dawa zinaweza kuiponya. Duniani kote inaitwa kwa jina lake, limfoma ya Burkitt.

Angeishia hapo, jina lake lingetosha. Lakini sehemu inayotuhusu leo ilianza alipokwisha kurudi kwao.

Magonjwa ambayo hakuyaona

Mwaka 1966 Burkitt alirudi Uingereza. Huko alikutana na daktari mmoja wa jeshi la majini, Peter Cleave, aliyeamini kwamba sukari na unga uliokobolewa ndio chanzo cha magonjwa mengi ya Wazungu. Wengi walimpuuza Cleave. Burkitt hakumpuuza, kwa sababu alikuwa na kumbukumbu ya miaka 20 ya upasuaji Uganda.

Alijiuliza: katika miaka yote ile, ni mara ngapi nilimpasua mwanakijiji kwa kidole tumbo? Ni mara ngapi kwa mawe kwenye mfuko wa nyongo? Ni wangapi walikuwa na saratani ya utumbo mpana, kisukari cha ukubwani au ugonjwa wa moyo wa kuziba mishipa? Walikuwa wachache sana. Uingereza, hayo ndiyo yaliyojaza wodi.

Hakutegemea kumbukumbu peke yake. Aliandikia hospitali za vijijini Afrika na kwingineko, akiomba taarifa za kila mwezi. Majibu yalifanana na yale aliyoyaona Uganda.

Ndipo akafanya utafiti ambao wengine waliuonea kinyaa. Yeye na wenzake waliwapa watu vidonge vidogo vya plastiki wavimeze, wakakusanya choo chao, wakakipima uzito na kukipiga picha ya eksirei kuona vidonge vimetoka lini. Matokeo yalichapishwa mwaka 1972. Kwa mabaharia wa Uingereza, chakula kilichukua zaidi ya siku 3 kupita tumboni, na choo cha siku moja kilikuwa na uzito wa gramu 100 hivi. Kwa wanakijiji wa Uganda kilichukua siku moja na nusu, na uzito ulikuwa zaidi ya gramu 400.

Tofauti kubwa aliyoiona kwenye sahani ilikuwa nyuzinyuzi, yale makapi ya mimea ambayo tumbo haliwezi kuyayeyusha. Yako kwenye ganda la nafaka, maharage, kunde, mbaazi, viazi vitamu, majani ya kisamvu na matembele, na matunda. Wakati huo wataalamu wengi waliyaona kama takataka zisizo na kazi mwilini. Burkitt alizunguka nchi nyingi akihutubia kwamba si takataka, na mwaka 1979 akaandika kitabu juu yake kwa ajili ya watu wa kawaida. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

Moto mdogo usiozimika

Burkitt alijua kwamba makapi yanasaidia. Jinsi yanavyosaidia ilieleweka vizuri zaidi baada ya kifo chake.

Ukichomwa na mwiba, sehemu ile inavimba, inakuwa nyekundu, inapata joto na kuuma. Hiyo ni kinga ya mwili ikipigana, na kidonda kikipona inatulia. Wataalamu wanaiita hali hiyo inflamesheni. Tatizo linakuja kinga hiyo ikiwaka kidogo kidogo ndani ya mwili kwa miezi na miaka, bila mwiba wala kidonda. Huoni uvimbe wala husikii maumivu, lakini kuta za mishipa ya damu zinaumia taratibu.

Utumbo mpana unahusika sana hapo. Ndani yake wanaishi bakteria wengi mno, na wengi wao ni marafiki zetu. Chakula chao ni nyuzinyuzi. Wakizila wanatoa asidi ndogo ndogo, na mojawapo, inayoitwa butireti, ndiyo inayolisha kuta za utumbo na kuituliza kinga. Zikikosekana, kuta hudhoofika, mabaki ya bakteria hupenya kuingia kwenye damu, na kinga huanza kupigana vita isiyokwisha.

Damu hiyo hiyo ndiyo inayopanda kichwani. Mishipa iliyoharibika kwenye moyo huleta shambulio la moyo, na iliyoharibika kwenye ubongo huleta kiharusi na baadhi ya matatizo ya kupoteza kumbukumbu uzeeni. Utumbo na ubongo pia vimeunganishwa na mshipa mkubwa wa fahamu, na watafiti wanachunguza jinsi chakula kinavyogusa hata huzuni na sonona.

Ushahidi kutoka Kilimanjaro

Mwaka 2015 watafiti walichapisha jaribio la kubadilishana sahani. Wamarekani weusi 20 walilishwa kwa wiki mbili chakula cha vijijini Afrika Kusini, chenye nyuzinyuzi nyingi, na wanakijiji 20 wa Afrika Kusini wakalishwa chakula cha Kimarekani. Dalili za inflamesheni kwenye utumbo zilipungua kwa Wamarekani na kuongezeka kwa wanakijiji.

Mwaka 2025 yakaja matokeo ya hapa kwetu Tanzania. Watafiti wa KCMC, Moshi, pamoja na wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, walifanya utafiti na vijana wa kiume 77 wenye afya njema mkoani Kilimanjaro. Waliozoea chakula cha asili, yaani ndizi, mboga za majani, jamii ya kunde na nafaka zisizokobolewa, walipewa chakula cha kizungu kwa wiki mbili. Waliozoea chakula cha kisasa cha mjini walipewa cha asili. Kundi la kwanza, alama za inflamesheni kwenye damu zilipanda na kinga ikalegea mbele ya vijidudu. Kundi la pili, alama zilishuka, na sehemu ya mabadiliko hayo ilikuwa bado inaonekana wiki 4 baadaye.

Ilichukua wiki mbili tu, kwa vijana Watanzania. Kinga ile ambayo Burkitt aliiona kwa wanakijiji wa Uganda haikuwa kwenye damu yao wala kwenye rangi yao. Ilikuwa kwenye sahani, na kilicho kwenye sahani kinaondoka mtu akibadili sahani.

Mahali pa kuwa waangalifu

Si kila alichosema Burkitt kimethibitika. Wanakijiji aliowalinganisha na Waingereza walitembea sana, walilima kwa jembe, hawakuwa wanene, na wengi walifariki mapema kwa maradhi mengine. Makapi peke yake hayaelezi kila kitu.

Pia chakula cha kijijini hakikuwa kamili. Trowell, yule aliyemwita kuona mtoto mwenye taya, ni miongoni mwa waliochunguza sana kwashakoo kwa watoto wa huku. Mtoto mdogo ana tumbo dogo, kwa hiyo akishibishwa ugali peke yake, hata wa dona, hapati vya kutosha kukua. Anahitaji karanga, yai, maziwa, dagaa wa Ziwa Tanganyika, maharage na mafuta kidogo.

Jambo la tatu ni sumukuvu. Mahindi yaliyovunwa mabichi au kuhifadhiwa kwenye unyevu huota ukungu wenye sumu, na dona ya mahindi hayo ni hatari. Mwaka 2016 watu walifariki kwa sumu hiyo mikoa ya Dodoma na Manyara. Anika mahindi juu ya turubai, si chini kwenye udongo, yakauke kabisa. Yaliyooza au kubadilika rangi yaondoe, usiyasage wala kuwapa mifugo.

Vya kufanya nyumbani

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Kikombe kimoja cha maharage yaliyopikwa kinakupa zaidi ya gramu 10. Ukiongeza ugali wa dona, mboga za majani na embe au papai, umefika, bila kununua kitu cha dukani.

Kama familia imezoea sembe, changanya kwanza nusu kwa nusu na dona, ili tumbo lisijae gesi, na kunyweni maji ya kutosha. Soda, biskuti na chipsi viwe vya siku moja moja. Mwenye ugonjwa wa tumbo, au anayeona damu kwenye choo, asijitibu kwa chakula. Aende kituo cha afya.

Kisukari, presha na kiharusi havikai tena mjini peke yake, vinatufuata huku vijijini. Dawa zake ni za maisha yote na zinamaliza pesa za mavuno. Mahindi, maharage na mboga bado tunavilima wenyewe, kwa hiyo kinga hii bado iko mikononi mwetu.