Mwana Darini na Siwa ya Pate

Mtu aliyelelewa sehemu za Asumbi huijua sauti ya pembe mapema. Waluo wana oporo, pembe ya mnyama ipulizwayo ubavuni, na abu, tarumbeta ya kibuyu. Pembe hizi ziliita watu vitani na kwenye sherehe. Anapoingia katika fasihi ya pwani, mtu huyo hukutana na jamaa zake: mbiu ya kutangazia habari, baragumu la kuhamasisha wapiganaji, na siwa, iliyo kubwa na yenye heshima kuliko zote. Historia ya siwa haiwezi kusimuliwa bila kumtaja mwanamke mmoja wa Pate, Mwana Darini.

Mwana Darini aliishi katika kisiwa cha Pate mnamo mwisho wa karne ya 17, enzi ya masultani wa Kinabahani. Alikuwa wa ukoo wa kifalme. Habari za Pate zatueleza kwamba alifiwa na mumewe katika misukosuko ya siasa ya zama hizo, akabaki na huzuni na mtoto wa kiume wa kulea.

Wakati huo siwa ilikuwa mali ya dola. Ilipulizwa sultani alipotawazwa, na katika arusi na tohara za waungwana. Aliyepulizwa siwa alitambuliwa na mji mzima kuwa mtu wa nasaba. Aliyenyimwa alikuwa kama aliyefutwa katika ukoo wake. Kwa hiyo sultani alipotangaza sherehe ya kuwatahiri wanawe, Mwana Darini naye aliazimia kumtahiri mwanawe, akaomba kuazimwa siwa. Akakataliwa.

Wengi wangalitii na kunyamaza. Mwana Darini alimwita fundi hodari wa kuchonga, sharifu aitwaye Mwenye Bayayi, akamtaka amtengenezee siwa nyingine kwa pembe za ndovu. Kazi ikafanyika kwa siri. Siku ya sherehe ilipowadia, watu wa Pate walisikia siwa ikilia mahali wasipoitarajia. Walitoka kuitazama, wakastaajabia uzuri wake na kuitunza. Tangu hapo waliohitaji siwa walikuwa na mlango wa pili wa kubisha.

Simulizi haikomei hapo. Yasemekana kwamba siwa ya kwanza, ile aliyonyimwa, baadaye ilizama baharini. Iliyosalia ni ya Mwana Darini. Siwa ya pembe za ndovu kutoka Pate, yenye urefu wa zaidi ya mita mbili na nakshi nzuri ajabu, imehifadhiwa katika Jumba la Makumbusho la Lamu, pamoja na siwa ya shaba ya watu wa Lamu. Zote mbili hupulizwa ubavuni, kama oporo.

Mhakiki aweza kuuliza ni kiasi gani cha kisa hiki ni historia na kiasi gani ni ngano, kwani Habari za Pate ziliandikwa muda mrefu baada ya matukio yenyewe. Swali hilo ni la haki. Hata hivyo, jamii haikuchagua bure kukihifadhi kisa hiki. Haikumkumbuka Mwana Darini kwa vita wala kwa kiti cha enzi. Ilimkumbuka kwa sababu alielewa kwamba heshima ya mwanawe ilifungiwa ndani ya ala moja, na kwamba ala ni kazi ya mikono. Kilichochongwa na fundi mmoja chaweza kuchongwa na mwingine.

Wahenga walinena kwamba mbiu ya mgambo ikilia ina jambo. Siku ile siwa ya Mwana Darini ilipolia, jambo lilikuwa moja: mjane alikuwa amekataa kunyamazishwa. Sultani aliyemnyima wachache humtaja leo. Jina la Mwana Darini lingali likitajwa pamoja na siwa yake.