Kivuli Usoni

Juma lililopita nilisahihisha picha ambayo mwanafunzi wangu alimchora nyanyake, nikampunguzia alama kwa kuwa uso haukuwa na kivuli. Jioni nikamkumbuka Giuseppe Castiglione, nikaona haya.

Mchoraji huyo alizaliwa Milan, Italia, mwaka wa 1688. Mnamo 1707 alijiunga na shirika la Wajesuiti akiwa bruda, na mwaka wa 1715 akawasili China. Huko aliwatumikia wafalme watatu, Kangxi, Yongzheng na Qianlong, hadi alipofariki Beijing mwaka wa 1766. Wachina walimwita Lang Shining.

Ulaya alikuwa amefunzwa kwamba uso sharti uangazwe upande mmoja na kutiwa giza upande wa pili, ndipo uonekane wa mviringo. Ikulu ya Beijing haikuridhia. Huko kivuli usoni kilionekana kama doa. Angeweza kuwadharau wenyeji wake. Badala yake alijifunza upya, akachora kwa wino na rangi juu ya hariri. Mwaka wa 1728 alikamilisha picha ya farasi mia moja, yenye urefu wa karibu mita 8, ya kukunjwa kama mkeka. Miili ya farasi imejaa kwa ufundi wa Ulaya, lakini mtazamaji hasimami pamoja kama achunguliaye dirishani. Macho yake husafiri kutoka kulia hadi kushoto.

Wala hakuwa mwanafunzi tu. Alimfunza afisa Nian Xiyao jinsi Wazungu wanavyokutanisha mistari ili kuonyesha umbali. Mwaka wa 1729 afisa huyo alitoa kitabu ambacho jina lake lina maana ya elimu ya kuona.

Waama, kuona ni elimu. Macho twazaliwa nayo, bali namna ya kuyatumia twafunzwa na jamii. Najua wapo walimu watakaosema kwamba mtihani unataka kivuli. Naam, tukifundishe, lakini kama desturi ya watu fulani, si kama sheria ya macho yote.

Wahenga walinena kwamba ukienda kwa wenye chongo, vunja lako jicho. Castiglione hakuvunja lake, wala wenyeji wake hawakuwa na chongo. Alijipatia jicho la pili. Jumatatu nitamrudishia mwanafunzi wangu alama zake, kisha nimwombe anieleze alivyomwona nyanyake.