Chumba cha Sayyida Salme

Nilipozuru Makumbusho ya Kasri kule Mizingani, Unguja, nilikawia kwenye chumba kimoja: cha Sayyida Salme, bintiye Seyyid Said. Alizaliwa Mtoni mwaka 1844. Enzi hizo wasichana hawakufunzwa kuandika, basi akajifunza mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1866 alitoroka akiwa na mimba ya mfanyabiashara Mjerumani, akabatizwa Aden, wakaoana. Mume akafa 1870, akamwachia watoto watatu wadogo. Kuritadi kwake simtetei. Lakini aliporudi 1885 kudai urithi, Sultan Barghash, kakake wa kwa baba, alikataa hata kumwona, na hilo huniuma. Alifia Ujerumani 1924. Chumba alipewa kasri ilipogeuzwa makumbusho, 1994.