Mwana Kupona aliita wino na karatasi

Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, hakwenda mbali kutafuta la kutunga. Mwaka 1858 alikuwa kitandani, maradhi yamemshika mwaka mzima, na mumewe, Bwana Mataka wa Siu, aliyepambana na majeshi ya Sayyid Said, amekwisha fariki. Akamwita bintiye, Mwana Hashima, aje karibu na wino na karatasi.

Ungedhani mjane wa shujaa atasimulia vita. La! Alisimulia nyumba: kumpepea mume alalapo, kumkanda mwili, kumtengeneza ndevu, na mke mwenyewe kujipamba kwa hina, wanda na marashi. Kisha akayakumbuka maisha yake na marehemu, yasiyoingiwa na ugomvi.

Wako leo wasiopendezwa na utiifu ule, na wana hoja. Lakini mimi, kila niusomapo utenzi huo, namwona mama ajuaye kwamba siku zake zahesabika, na binti angali mchanga. Alimwachia beti zipatazo mia. Yapata miaka miwili baadaye alifariki, Mungu amrehemu. Mwana Hashima aliishi hata karne ya 20 ikamkuta, nao wanawake wa Lamu na Pate wakawa wausoma kwa moyo.