Padri Stefano Kaoze: miaka 18 ya masomo, padri mumoja

Mutu akifika Moba, kando ya ziwa Tanganyika, halafu akipanda mupaka Kirungu, atakuwa mahali ambapo Wabelgiji waliita Baudouinville. Ni pale, tarehe 21 Julai 1917, Stefano Kaoze alipopewa upadri kwa mikono ya askofu Victor Roelens. Ni yeye padri wa kwanza wa Kongo katika nyakati hizi. Tunasema nyakati hizi juu ufalme wa Kongo, kule magharibi, ulikuwa na mapadri wake zamani sana, na mutoto wa mufalme Afonso alitajwa askofu mwaka 1518. Lakini ile njia ilikatika, na ilipaswa kuanza tena kwa zero.

Ile tarehe ya 1917 wengi wanaijua. Mwaka 2017 Kanisa lilifanya jubile ya miaka 100, na jina la Kaoze lilisikika sana. Kitu ambacho hakisemwi sana ni ile miaka iliyotangulia. Sisi watu wa sendika ya mine, ambao kila mwaka tunabishana na wakubwa wa kazi juu ya masomo ya wafanyakazi, tunaona habari yenyewe iko pale.

Kaoze alizaliwa karibu na mwaka 1886, katika inchi ya Watabwa, upande wa milima ya Marungu. Ulikuwa wakati mubaya. Wachuuzi wa watumwa na wa pembe za tembo walikuwa wanapita mule, vijiji vinachomwa, watu wanavushwa ziwa na kupelekwa pwani. Mwaka 1883 Mubelgiji mumoja, Émile Storms, alijenga boma Mpala, kando ya maji. Mwaka 1885 lile boma likapewa Mapadri Weupe wa kardinali Lavigerie, na kapiteni Joubert, askari Mufaransa, akaja kuwalinda kwa bunduki. Watu wakakimbilia pale, watoto wakawekwa masomoni. Kaoze alipita katika ile masomo ya misioni. Alikuja na Kitabwa cha nyumbani. Misioni ikamuongezea Kiswahili, kisha Kilatini, kisha Kifaransa.

Roelens alizaliwa Ubelgiji mwaka 1858, akafanywa askofu mwaka 1896. Mapadri wake walikuwa wachache, homa ilikuwa inawaua, na vijiji vilikuwa vingi, vimetawanyika. Njia ya haraka ilijulikana: kutwaa vijana, kuwafundisha katekisimu, kuwatuma vijijini. Hata yeye aliifuata, na wakatekista ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi. Lakini mwaka 1899 akaongeza kitu kingine. Alifungua seminari ndogo pale Mpala, ili kutoka kwa wale watoto wa Marungu siku moja watoke mapadri.

Wakati ule wazungu wengi wa Kongo walisema mutu mweusi hawezi kufika kule. Roelens angeweza kutafuta katikati: kufupisha programu, kupunguza Kilatini, kuacha filozofia, kutoa kijana ambaye angesaidia padri muzungu bila kuwa sawa naye. Hakufanya vile. Kijana wa Kitabwa alipaswa kupita njia ambayo kijana wa Ulaya alipita: Kilatini kwanza, halafu filozofia, halafu teolojia, mupaka mwisho. Hakukuwa na padri wa nusu.

Tufikirie ile kazi ilivyokuwa. Kufundisha Kilatini kwa mutoto ambaye babu yake hakushika kitabu. Walimu ni mapadri wenyewe, ambao asubuhi wako darasani, mangaribi wako kwa wagonjwa ao kwenye matofali ya kanisa. Na wanafunzi wanaondoka. Wa kwanza walioanza na Kaoze hawakufika mwisho, yeye alibaki. Kutoka 1899 mupaka 1917 ni miaka 18, na mwisho wa hesabu ni padri mumoja. Mukubwa wa kazi wa leo, akiona karatasi kama ile, angefunga masomo kabla ya mwaka wa tano.

Kaoze naye hakungoja upadri ili kuonyesha alichopata. Mwaka 1910 na 1911, akiwa angali mwanafunzi, maandiko yake juu ya saikolojia ya Wabantu yalitoka katika gazeti La Revue congolaise, kule Ubelgiji. Yanahesabiwa kuwa maandiko ya kwanza ya Mukongomani kuchapwa kwa Kifaransa. Ndani yake aliandika namna watu wa kwao wanavyofikiri na kuhisi. Mupaka siku ile wazungu ndio waliokuwa wanaeleza mutu mweusi. Kweli, mahali pengine anatazama mila ya kwao kwa macho ya misioni, juu misioni ndiyo ilimulea. Lakini kalamu ilikuwa mukononi mwake.

Hakuwa peke yake Afrika. Uganda ilipata mapadri wake wa kwanza mwaka 1913, na Rwanda miezi michache kisha yeye, katika mwaka ule ule wa 1917. Miaka miwili baadaye, mwaka 1919, Papa Benedikto wa 15 aliandikia Kanisa lote barua juu ya misioni. Alitaka mapadri wa kila inchi wapewe masomo kamili, wasifanywe wasaidizi wa wageni. Kwa hiyo Baudouinville walikuwa wameisha kuanza kabla Roma haijaamuru.

Hatutaki kumufanya Roelens malaika. Maneno mengine aliyoandika juu ya watu weusi yanachoma hata leo, na Kongo ilikuwa koloni: diploma moja haikuleta maisha mamoja. Ilipaswa kungoja miaka ya 1930 ili Kaoze apewe misioni ya Kala, mahali ambapo mapadri weusi waliongoza wao wenyewe. Kisha vita ya pili ya dunia aliingia katika Baraza la Serikali ya koloni, kusema kwa jina la watu wa inchi. Mbele yake, kwa miaka mingi, kiti kile kilikaliwa na wazungu waliosema kwa niaba yetu. Mutu wa sendika anajua ubaya wa ile: mwengine anaeleza njaa yako, naye ameshiba.

Kaoze alikufa mwaka 1951. Hakuona askofu hata mumoja mweusi katika Kongo ya Wabelgiji. Wa kwanza, Pierre Kimbondo, alikuja mwaka 1956. Hakuona kitivo cha teolojia cha Lovanium, kilichofunguliwa mwaka 1957. Wala hakusikia Tharcisse Tshibangu, mutoto aliyezaliwa Kipushi, muji wa mine, akibishana mwaka 1960 na mwalimu wake Vanneste kama Afrika inaweza kuwa na teolojia yake. Mwanafunzi kubishana na mwalimu namna ile, mbele ya wote, kulihitaji mutu ambaye alifundishwa bila kukatiwa programu.

Kwetu ku mine tunaambiwa: fundisheni vijana siku tatu, waguse mashini, inatosha, injinia atatoka inje. Kisha miaka 20 injinia angali anatoka inje, na wanatuuliza sababu gani hatuna watu. Tukikaa tena mezani, tusiombe tu idadi ya nafasi za masomo. Tuulize programu ni ile wanayopewa watoto wa wengine, ao ni ile iliyokatwa kwa ajili yetu. Tuulize masomo yatalipwa mupaka mwaka wa mwisho, hata kama darasani amebaki mutu mumoja. Kule Baudouinville alibaki mumoja, nao hawakufunga mulango.