Richard Baxter: Kasisi Aliyechelewa Kufika Jeshini

Leo tunamtazama Richard Baxter, mchungaji wa Kanisa la Uingereza aliyezaliwa Rowton, Shropshire, mwaka 1615. Hakusoma chuo kikuu; elimu yake aliipata kwa kujisomea. Mwaka 1641 alianza kuhubiri Kidderminster, mji wa wafumaji wa nguo.

Mwaka uliofuata vilizuka vita kati ya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge. Baxter alihesabiwa kuwa mtu wa Bunge, akalazimika kuuhama mji na kwenda kuwahubiria askari wa ngome ya Coventry. Askari wapanda farasi wa Oliver Cromwell walimwalika awe mchungaji wao. Alikataa, kwa kuwa walitaka kujifanyia kanisa lao wenyewe.

Juni 1645, baada ya mapigano ya Naseby, aliwatembelea rafiki zake jeshini, akashtuka. Wapo waliotaka kuuangusha kabisa ufalme na utaratibu wa Kanisa. Hapo akakubali kuwa kasisi wa kikosi cha Kanali Edward Whalley. Alihubiri na kujadiliana na askari. Huko Amersham mjadala ulichukua siku nzima. Lakini Cromwell hakumchangamkia, na mawazo yale yalikwisha kuota mizizi. Mapema mwaka 1647 alitokwa damu nyingi puani, akaondoka jeshini akiwa mgonjwa sana. Miaka miwili baadaye mfalme alikatwa kichwa, tendo ambalo Baxter alilipinga. Baadaye alijuta kwamba aliukataa ule mwaliko wa kwanza.

Aliporudi Kidderminster hakungoja tena kuitwa. Parokia ilikuwa na familia 800 hivi. Kila wiki, kwa siku mbili, yeye na msaidizi wake walikutana na familia zipatazo 14, moja baada ya nyingine, wakizifundisha katekisimu. Waamini waliongezeka hata kanisa likajengewa roshani tano za ndani.

Mwaka 1660 alikataa uaskofu wa Hereford. Sheria ya mwaka 1662 ilipodai wachungaji wote wakubali kitabu kimoja cha ibada bila kusita, dhamiri yake haikumruhusu, naye akanyamazishwa pamoja na wenzake wengi. Mwaka 1685, akiwa mzee mgonjwa, alihukumiwa na Jaji George Jeffreys na kufungwa gerezani. Alifariki London, Desemba 1691.

Tofauti zake na Kanisa Katoliki zilikuwa kubwa, na aliandika vitabu vya kulipinga. Hata hivyo, sisi tunaojiandaa kwa utume tunaguswa na maisha yake. Kundi lenye makosa ndilo linalomhitaji mchungaji zaidi. Tukisubiri kwanza litakate ndipo tuliendee, tutakuta wengine wamekwisha kulifundisha. Tuanze basi na nyumba iliyo karibu, tubishe hodi mapema.