Alfred Binet: mpimaji aliyeutilia shaka mkono wake mwenyewe

Mizani ikisoma kilo 50 asubuhi na kilo 46 jioni kwa gunia lilelile, hakuna mkulima atakayeiamini tena. Je, kipimo cha akili ya mtoto nacho tutakijuaje kuwa ni cha kweli? Leo tunawaletea maisha ya Mfaransa Alfred Binet, aliyehangaika na swali hilo.

Binet alizaliwa mjini Nice mwaka 1857. Alisomea sheria, kisha akahamia saikolojia. Miaka ya 1880, katika hospitali ya Salpêtrière jijini Paris, yeye na mwenzake Charles Féré walitangaza kwamba sumaku inahamisha ganzi ya mgonjwa kutoka upande mmoja wa mwili hadi mwingine. Profesa Joseph Delboeuf wa Ubelgiji alikwenda kujionea. Akagundua kuwa sumaku haikufanya lolote: wagonjwa walikuwa wakitenda yale waliyojua yanatarajiwa kwao. Ilikuwa aibu kubwa, na hatimaye Binet alikubali kosa.

Somo hilo hakulisahau. Baadaye alipima vichwa vya wanafunzi, maana wengi waliamini kichwa kikubwa ndicho chenye akili. Tofauti alizozipata zilikuwa ndogo mno. Aliporudia kupima, namba zilibadilika kwa milimita kadhaa. Akatambua kwamba matarajio yake yalikuwa yanausukuma mkono wake, akaachana na vichwa.

Mwaka 1904 serikali ya Ufaransa iliunda tume kuhusu watoto walioshindwa kufuata masomo ya kawaida. Binet alikuwa mjumbe. Aliona hatari: mtoto mmoja angeweza kupewa majina tofauti na madaktari tofauti, na jina hilo ndilo lingeamua atasoma wapi. Mwaka 1905, pamoja na daktari Théodore Simon, alitoa kipimo cha majaribio 30, kuanzia mepesi hadi magumu: kufuata kwa macho njiti ya kiberiti inayowaka, kutaja vitu pichani, kurudia tarakimu, kueleza maana ya maneno. Kila mtoto aliulizwa maswali yaleyale, kwa namna ileile, mahali patulivu, na mpimaji mpole asiyemdokezea jibu. Alikirekebisha mwaka 1908 na tena 1911, mwaka aliofariki akiwa na miaka 54.

Binet alisisitiza kwamba kipimo kinaonyesha hali ya mtoto wa leo, wala si kikomo chake, na kwamba akili hukua kwa mazoezi. Lakini baada ya kifo chake, wataalamu wa Marekani kama Henry Goddard walikitumia kana kwamba kinapima akili ya kuzaliwa, hata kwa wahamiaji waliokuwa wametoka tu melini.

Kwa hiyo mzazi, ukiambiwa mwanao hana akili, uliza: alipimwa mara ngapi, kwa lugha gani, na je, mtu mwingine akimpima leo atapata jibu hilohilo?